Mate Yangu Katika Bahasha ya Kioko

Vijana mtakaosoma karatasi hii, nawasalimu kwa jina la Yesu, aliyeniacha hai mpaka nikapata aibu, na baada ya aibu akanipa amani. Ketini chini mkisoma. Anayesoma huku anatembea na simu mkononi hatanielewa.

Mimi ni Kalekye. Kanisani wananiita Mwaitu Kalekye, yaani mama, lakini ni kwa heshima tu, kwa sababu sikuzaa. Nyumbani naitwa Susu, nyanya. Shule niliiachia darasa la pili, kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa. Mchungaji ameniomba niandike yale niliyoyasema mbele ya kanisa, ili kikundi cha vijana kiyasome kabla wale wanafunzi wa chuo hawajarudi na vijiti vyao. Nimekubali. Sitaficha kitu, hata kile kinachonidhalilisha.

Ndugu zangu, niliolewa hapa Matinyani nikiwa msichana, na tumbo langu halikushika mimba hata moja. Mume wangu akafa akaniacha na shamba, mbuzi, na nyumba isiyo na sauti ya mtoto. Kwetu Ukambani kuna njia ya mwanamke kama mimi. Anaruhusiwa kuoa mke. Mke huyo anaitwa iweto. Anazaa na mwanamume anayemchagua mwenyewe, kwa siri na kwa adabu, na watoto wanakuwa wa nyumba ile. Kuna wanaooa kwa jina lao wenyewe, na kuna wanaooa kwa jina la mwana ambaye wangemzaa. Mimi nilifanya hili la pili. Nilimwoa Nduku, msichana wa upande wa Makueni, nikasema ni mke wa mwanangu Muthama.

Muthama hakuwa mtu. Hakuzaliwa na hakufa. Nilimtaja kwa kinywa changu, wazee wakanywa, wakakubali, wakaenda zao.

Ningeachia hapo, nisingekuwa na ushuhuda. Lakini baadaye niliokoka, na kanisa letu halipendi mambo ya iweto, basi nikaona haya kusema ukweli. Nikaanza kumtengenezea Muthama maisha. Nikasema ni dereva wa malori, kituo chake ni Mtito Andei. Nikanunua koti la mwanamume kwenye mitumba, la rangi ya majivu, nikalitundika kwenye msumari juu ya benchi sebuleni. Kila Desemba nililifua na kulianika uani ili majirani waone mwenyewe amekuja Krismasi. Benchi lile likawa lake. Chai ikimiminwa, kikombe kimoja kiliwekwa pale. Nduku alipozaa mvulana, Kioko, na baada ya miaka minne akazaa msichana, Mumbua, niliandikisha wote wawili kwamba baba yao ni Muthama. Wakiniuliza baba atakuja lini, niliwaambia, "Amekuja jana mkiwa mmelala. Amewaangalia akaenda."

Nilifanya hivyo miaka mingi. Na kitu unachokilisha kila siku hukua.

Msifikiri natunga. Nilianza kuona mikono ya lile koti imejikunja kwenye viwiko, kama nguo ya mtu anayefanya kazi. Kola ilishika uchafu wa shingo, na mimi ndiye niliyekuwa nimeifua. Ubao wa benchi ukang'aa mahali pamoja, upana wa mtu mmoja, na hakuna aliyekuwa akikaa pale. Saa saba mchana, jua likiwa kichwani na kuku wamejilaza chini ya ghala, nyumba ilinyamaza kwa namna nyingine. Hakikuwa kimya cha nyumba tupu. Kilikuwa kimya cha mtu anayesikiliza.

Niliomba sana wakati huo. Lakini niliomba Mungu aniondolee woga. Uongo sikuutaja.

Mumbua alipofika kidato cha tatu akaanza kuchoka. Huyu ni msichana aliyekuwa akipanda kutoka mtoni na jerikeni mgongoni akiimba. Sasa akawa anapumzika mara tatu njiani, na midomo yake ilikuwa myeupe kama amepaka unga. Asubuhi moja Nduku aliniita chumbani, akamfunua mkono. Juu ya kiwiko kulikuwa na alama nne za buluu upande mmoja, na moja upande wa pili. Kama mkono uliomshika.

"Nani amekushika?" nikamuuliza.

"Hakuna, Susu. Nimeamka tu hivi."

Niliweka vidole vyangu juu ya zile alama. Havikufika. Ulikuwa mkono mkubwa kuliko wangu, mkono wa mwanamume.

Siku iliyofuata alama zilikuwa kwenye paja, kisha zikaenda mgongoni. Mimi nikanyamaza, kwa sababu nilidhani ninajua. Nilimpa mtu asiyekuwako mke na watoto, na sasa amekuja kuchukua walio wake.

Hospitalini daktari alitueleza kwa upole. Alisema damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, na wa Mumbua ulikuwa umekauka. Zile alama ni damu inayovuja chini ya ngozi. Wangemwongezea damu, ndiyo, lakini hiyo ni kumwagilia shamba ambalo halina mbegu. Alihitaji mbegu mpya za damu kutoka kwa mtu aliye hai, mtu ambaye yake imefanana na ya Mumbua. Asipopata, hatamaliza mwaka. Mahali pa kwanza pa kutafuta, akasema, ni kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja.

Hilo la mbegu nililielewa. Sisi sote hapa tumewahi kubisha kwa jirani baada ya ukame, kibuyu mkononi, kuomba mbegu ya pojo. Lakini aliposema baba mmoja, niligeuza macho nisimtazame Nduku. Sikujua kama Nduku alizaa na mwanamume mmoja au wawili. Kwa desturi yetu mimi siulizi na yeye hasemi.

Wakati ule wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wakizunguka huku kwetu, Kitui na Makueni, wakiandikisha vijana kwenye orodha ya wanaokubali kutoa mbegu za damu kwa mgonjwa yeyote atakayefanana nao. Hawalipwi. Daktari aliwapigia simu, wakaja nyumbani kwangu wawili. Msichana anaitwa Mwikali, ni wetu. Mwenzake ni Abdi, kijana mrefu, baba yake ni mfanyabiashara wa mbuzi aliyetoka kaskazini. Walinisalimu vizuri, nikawakaribisha. Kioko hakuwepo. Anachomelea vyuma Makindu, huja Jumamosi na kuondoka Jumatatu alfajiri.

Mwikali akanionyesha vijiti vyenye pamba kwenye ncha. "Ni hivi tu, Susu. Akija anasugua ndani ya shavu, hapa na hapa. Asinywe chai kabla. Anaweka kwa bahasha hii yenye jina lake, anafunga. Nimeongeza vijiti vingine, kimoja kikianguka. Tutapitia Jumatatu."

"Mnachukua mate ya watoto wa watu mnapeleka wapi?"

"Kwa maabara, Susu."

"Maabara ni ya nani?"

Abdi akacheka. "Hata mama yangu aliniuliza hivyo hivyo. Alisema kama nauza mate ya watu nisikanyage kwake." Akawa anarudi nyuma akitafuta pa kukaa, na nyuma yake kulikuwa na lile benchi.

"Usikae hapo," nikamwambia.

Akasimama katikati ya kukaa. Akatazama koti, akatazama mahali palipong'aa. "Pole, Susu. Kuna mtu?"

Mwikali naye akaniuliza, "Na baba yao? Tungependa naye ajaribu." Nikasema yuko safari. Benchi likalia, sauti ndogo, kama mtu amehamisha uzito. Mbao hulia kukiwa na joto. Abdi alitoka nje akasema atasubiri kwenye kivuli.

Jumamosi Kioko akaja, akasugua mashavu yake, akafunga bahasha, akaiacha mezani. Jumatatu alfajiri akaondoka. Nduku akaenda shambani. Mumbua alikuwa amelala. Ilipofika saa saba mchana, kimya kile kikaingia, na mimi nikawa nimeketi nikitazama bahasha.

Niliwaza hivi, vijana, na msicheke. Wakipima mate ya Kioko watajua kama baba zao ni wawili. Watajua Muthama hayupo. Ukoo wa mume wangu utasema watoto hawa ni wa barabarani, na nyumba yangu itafutwa. Lakini damu ya Muthama, kama angekuwako, ingetoka wapi? Ingetoka kwangu. Basi niwape ya kwangu. Kitabu chao kiandike kwamba nyumba hii ina damu moja.

Nikafungua bahasha polepole kwa mvuke wa chai. Vijiti vya Kioko nikavitupa motoni. Nikachukua vile vya ziada, nikasugua mashavu yangu, hapa na hapa. Nikajiambia ni baraka. Kwetu mzee akikutemea mate kifuani amekubariki, hata Kioko nilimfanyia hivyo alipopata kazi. Kijiti cha mwisho kikiwa kinywani, nyuma yangu, upande wa benchi, nikasikia mtu amesema taratibu, "Mwaitu."

Mlangoni hakukuwa na mtu. Mumbua huniita Susu tangu ajue kusema, na alikuwa amelala. Kanisani nimeitwa Mwaitu mara nyingi, lakini haikuwa vile. Ile ilikuwa sauti ya mtu anayemwita aliyemzaa. Na hili ndilo linaloniogopesha mpaka leo, ndugu zangu. Sikupiga kelele. Sikukemea. Moyo wangu uliruka kwa furaha.

Nikafunga bahasha. Mwikali alipokuja nikampa, nikamwambia, "Kioko amefanya kama ulivyosema." Na kabla ya jua kutua niliongeza dhambi juu ya dhambi. Niliwaambia akina mama watatu wa ushirika wetu kwamba vijana wao wachunge mate yao, kwamba wale wanafunzi hatujui wanampelekea nani. Watatu walitosha. Siku chache baadaye hakuna kijana kutoka hapa mpaka barabara ya Mombasa aliyekubali kufungua mdomo. Kuna waliokimbia kwa madirisha ya kanisa wanafunzi wale walipoingia.

Wiki zikapita. Mumbua akawa analala zaidi ya anavyoamka. Siku moja nilimkuta akizungumza, macho amefumba, uso umeelekea sebuleni. Nikamuuliza anaongea na nani. Akasema, "Baba amekaa hapo. Anasema nipumzike kwanza."

Jumamosi moja Mwikali na Abdi wakarudi. Sote tulikuwepo. Kioko alikuwa amemtoa dada yake kitandani akamweka kwenye kiti, na Nduku alikuwa amemshikia kitambaa puani kwa sababu damu ilikuwa haikomi. Mwikali hakunywa chai niliyompa.

"Kuna kitu hatuelewi," akasema. "Mama yenu alipimwa hospitalini, na mtoto lazima afanane na mama yake nusu. Mumbua amefanana naye, lakini Kioko hafanani naye hata kidogo. Maabara inasema labda vijiti vilichanganyika. Ama..."

"Ama nini?" Kioko akauliza.

"Ama nyinyi si wa mama mmoja."

Nduku akatoa sauti kama mtu aliyepigwa. "Huyu nilimzaa mimi. Nilitembea na miguu yangu mpaka zahanati, nikiwa nimeshika mti baada ya mti. Mwikali, usiniletee hiyo maneno kwa nyumba."

Kioko alisimama. Alitutazama mmoja mmoja, mwisho akatazama koti. "Baba sijawahi kumwona. Sasa naambiwa hata mama si wangu. Mimi ni wa nani?" Akachukua mfuko wake. "Narudi Makindu. Mkijua mimi ni nani, mnipigie."

"Kioko, usiende," Mumbua akasema, na kitambaa kile kikajaa.

Hapo ndipo nilipofika mwisho wangu. Kama kijana yule angetoka mlangoni, msichana angekufa, na mimi ndiye ningekuwa nimemuua, kwa mate, ili kumlinda mtu ambaye hakuwahi kula ugali wangu hata tonge moja. Niliona kikombe cha Muthama juu ya benchi. Chai ilikuwa imepungua. Labda inzi, labda macho yangu. Lakini nilimwona mjukuu wangu anavuja, na kivuli kinakunywa.

Nikasimama, nikalitoa koti kwenye msumari. Lilikuwa na joto. Lilikuwa limetundikwa kivulini tangu Krismasi, na lilikuwa na joto kama limevuliwa sasa hivi. Nikalitupa sakafuni.

"Mkae chini nyote," nikasema. "Yale mate ni yangu. Nilitoa ya Kioko nikaweka yangu. Na huyu Muthama hakuwahi kuwako. Sikumzaa. Nduku ni iweto wangu, nilimwoa kwa jina tupu. Nimewadanganya tangu mzaliwe."

Kisha Nduku, ndugu zangu, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Mwaitu, unaniambia mimi? Si mimi ndiye niliyeolewa na koti? Angalau halikunipiga."

Kioko akauweka mfuko chini. "Susu, sisi tulijua tangu darasa la nne. Shuleni walikuwa wanatuita watoto wa koti. Tulikuwa tunanyamaza juu yako, usiumie."

Kijiji kizima kilijua. Mchungaji alijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikiwaanikia koti watu wanaojua. Nilitaka ardhi inimeze. Halafu Mumbua, kwa ile sauti yake ndogo, akasema, "Mimi sikujua."

Tukamgeukia.

"Mimi nilidhani mnamtania Susu tu. Kama hakuwahi kuwako, basi ni nani hukaa hapo?"

Ndugu zangu, nyumba ilinyamaza kile kimya changu cha saa saba, na safari hii wote walikisikia. Abdi alikuwa amesimama karibu na benchi, akahama akaja upande wetu bila kuambiwa. Nikajua kwamba hakuna mtu mwingine wa kulifanya hili. Aliyemwita ndiye anayemfukuza.

Nilienda nikasimama mbele ya lile benchi tupu. Nikasema, "Muthama, sikukuzaa. Nilitamani kukuzaa, na kutamani si dhambi, lakini nilikupa watoto wa watu uwe unawala. Mimi si mama yako. Kwa jina la Yesu Kristo, toka, na usirudi." Kisha nikaanguka magotini nikalia. Mume wangu alipokufa sikulia vile. Nililia kama mama aliyefiwa na mwana, na kwa kweli nilikuwa nimefiwa, hata kama hakukuwa na maiti. Nduku alipiga magoti karibu yangu, na Mwikali, na tukaomba. Abdi aliomba kwa njia ya kwao, mikono imefunguliwa, na sikumkataza.

Tulipoinuka, nje kuku walikuwa wanalia. Ni kitu kidogo, lakini nilikuwa sijawasikia kuku wangu saa ile kwa miaka. Koti tulilichoma penye mabua ya mahindi. Siku hiyo hiyo Kioko alisugua mashavu upya, na Mwikali akaibeba bahasha mwenyewe bila kuiacha mezani kwangu. Akaniambia jambo moja mlangoni. "Susu, hicho kipimo hakiandiki jina la baba ya mtu. Hata wa baba mmoja na mama mmoja, wengi hufanana nusu tu." Kumbe nilichokuwa nikikificha, hakuna aliyekuwa akikitafuta.

Majibu yalikuja. Nusu. Daktari akasema nusu inaweza kujaribiwa tukikosa kabisa, lakini ni hatari. Afadhali mgeni anayefanana mzima. Na mgeni angetoka wapi, na mimi nilikuwa nimewafunga vijana wote midomo?

Basi nikafunga kitambaa kichwani, nikawafuata wale wanafunzi. Nilianza na kanisa letu, nikasema mbele ya watu wote yale mnayosoma hapa, na wale akina mama watatu niliwataja na kuwaomba msamaha. Kisha nikaenda nao sokoni, nikaenda Makindu, nikaenda mpaka Mtito Andei ambako Muthama wangu alikuwa ameajiriwa miaka yote hiyo. Ilikuwa ajabu kushuka pale. Nilijikuta nikitafuta uso wake kati ya madereva.

Kijana mmoja, mpakiaji wa mizigo, alinichokoza mbele ya wenzake. "Susu, mnataka mate ya bure? Ninunulie soda kwanza."

"Umetema mara nne tangu nifike," nikamwambia, "na barabara haijakununulia kitu."

Wenzake wakamcheka mpaka akaja mwenyewe. "Na wakinipata nafanana na mtu, watanikata?"

Mwikali akamweleza. Mara nyingi ni sindano kwa siku chache, halafu unaketi, damu inatoka mkono mmoja, mashine inachukua mbegu, damu inarudi mkono wa pili. Mwili unazijaza tena. Mifupa inauma kidogo, kama homa.

"Na huyo mtu ni nani?"

"Hutaambiwa. Na yeye hataambiwa wewe ni nani."

Yule kijana alifikiria. "Kwa hivyo naokoa mtu ambaye hata hatanisalimia?" Akafungua mdomo. Nyuma yake wakapanga mstari. Nilikaa kwenye kreti ya soda nikiwatazama, mmoja baada ya mwingine, wamefumba macho kama watoto wanaopewa dawa, na nikaona haya kwa yale niliyowasema.

Ilichukua muda, na sitawaeleza siku zile zote. Mumbua alikuwa wodini, anaongezwa damu, anapungua. Halafu Mwikali akapiga simu. Alikuwa analia, nikafikiri ni msiba. Amepatikana. Nikauliza ni nani. Akasema wanaruhusiwa kuambiwa mambo mawili tu: ni mwanamume, ana miaka ishirini na mitatu.

Kanisa na ukoo walitubeba kwa michango, msichana akapelekwa India na mama yake. Walimaliza kwanza uboho wake wa zamani kwa dawa kali, nywele zikaisha, kisha wakamtilia mbegu za yule kijana, zilizosafirishwa kwa sanduku la baridi. Mfuko mdogo tu, Nduku alisema, ungeweza kuufunika kwa viganja viwili. Tukasubiri. Zikashika. Zilimea kama pojo baada ya mvua ya kwanza.

Aliporudi, daktari wetu alinionyesha karatasi. Kundi la damu yake limebadilika. Aliondoka na moja, amerudi na lingine, la yule kijana. Akaniambia ukichukua tone la damu ya Mumbua leo ukalipima, litakuambia ni la mwanamume. Nilikuwa nimemtoa mwanamume asiye na mwili nyumbani mwangu, na sasa ameingia mwingine asiye na jina. Usiku ule nilimwuliza Mungu maana yake, na nikaelewa hivi, nanyi mnaweza kuelewa vingine. Wa kwanza alikuwa jina bila damu, na alikuja kuchukua. Huyu ni damu bila jina, na alikuja kutoa.

Siku ya kwanza Mumbua alipoweza kutembea bila kushikwa, ilikuwa saa saba mchana. Nilitoka jikoni nikamkuta ameketi kwenye lile benchi, mahali palipong'aa, anapepeta kunde.

"Umemwona?" nikamuuliza.

"Nani, Susu?"

"Yule wa hapo."

Akatazama kushoto na kulia, akasogea akanifanyia nafasi. "Hapa hakuna mtu. Ni mimi nimekaa. Njoo unisaidie."

Nikakaa. Ubao ulikuwa baridi.

Vijana, ninamshukuru Mungu aliyenifungua. Ninawashukuru wale wanafunzi, ambao niliwatukana nao wakaendelea kuja. Na wewe kijana wa miaka ishirini na mitatu, kama unasoma, huwezi kujua ni wewe, na mimi sitajua. Nawatazama wote wa umri wako, sokoni, kanisani, juu ya malori, na wote nawasalimia vizuri siku hizi, kwa sababu mmoja wenu ni mwanangu. Anayeogopa aje aniulize, mlango wangu uko wazi mchana wote. Mwaminini Mungu, na hao wakija, fungueni midomo. Msiwafiche wagonjwa kile ambacho Mungu amekiweka ndani ya mifupa yenu bila nyinyi kumwomba.

Kioko bado yuko kwenye ile orodha. Yake haikumfaa dada yake, lakini iko siku itamfaa mtu. Anaweza kuitwa kesho, anaweza kuitwa baada ya miaka. Kwa hiyo nimeiamuru nyumba yangu hivi, na Nduku ni shahidi: simu ya Kioko isizimwe. Ikilia siku ile mnanizika, aweke chepe chini, apanguse mikono, aende. Waliobaki watanifukia.